Mikono Inayopunguza Mionzi

Mwanamke akitoka kupigwa picha ya mamografia, anachosimulia ni bamba. Mionzi haisimulii, maana hakuihisi: haina joto, haina harufu, na mlio wa mashine ulikwisha kabla hajahesabu tatu. Bamba la plastiki ndilo lililombana titi hadi akauma meno, na ndilo atakalowahadithia wenzake barazani. Wapo wanaoapa kutorudi tena. Siwalaumu. Ila bamba hilo wanalolilaani ndilo linalowapunguzia mionzi mle chumbani, na mkono unaoliongoza lishuke una ufundi ambao watu hawajausifu vya kutosha.

Ugumu wa kazi unaanzia kwenye titi lenyewe. Mkono uliovunjika ni rahisi kuupiga picha, kwa sababu mfupa na nyama havifanani hata kidogo mbele ya eksirei. Titi halina mfupa. Lina mafuta, tezi za maziwa na nyuzi zinazoyashikilia yote hayo, na uvimbe wa saratani hufanana mno na tezi zilizouzunguka. Ukilipiga titi kwa eksirei ya kifua, ambayo mara nyingi huzidi kilovolti 100, utapata ukungu mtupu. Kwa hiyo mamografia hutumia mionzi dhaifu, ya kilovolti 25 hadi 32 hivi, kwa sababu mionzi dhaifu ndiyo inayotambua tofauti ndogo kati ya tishu na tishu. Lakini udhaifu huo una gharama. Mionzi ya namna hii hupungua kwa karibu nusu kila inapopenya sentimeta moja ya titi. Ikifika upande wa pili wa titi la sentimeta tano, ni kidogo tu kilichosalia kuchora picha. Sehemu kubwa imeishia mwilini. Hiyo iliyoishia mwilini ndiyo dozi.

Na kinachotafutwa ni kidogo ajabu. Mara nyingi dalili ya kwanza ya saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa ni chembe za chokaa, nyingine zenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Raul Leborgne, daktari wa Uruguay, alizifuatilia chembe hizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na ni yeye aliyesisitiza kwamba titi libanwe ndipo zionekane. Alikuwa sahihi. Titi lisilobanwa ni kama khanga iliyokunjwa: doa unalolitafuta limefichwa na mkunjo, na mkunjo mwingine unakuonyesha doa ambalo halipo. Titi likitandazwa, tishu zilizopandana huachana, halitikisiki wakati wa kupigwa, na mionzi inayotawanyika ovyo na kuchafua picha hupungua. Zaidi ya hayo linakuwa jembamba. Kumbuka ile hesabu ya nusu kwa kila sentimeta: ukipunguza unene kwa sentimeta moja, mionzi inayohitajika kuingia ili picha ikamilike inashuka sana.

Mtazame sasa mtaalamu wa mionzi aliyeiva kazini. Hamkimbizi mtu. Mama wa makamo akiingia ataamkiwa shikamoo, ataulizwa kama amewahi kupigwa picha hii, ataambiwa mapema kwamba atabanwa, kwamba itauma, na kwamba haitachukua muda. Ukidhani hizo ni adabu tu, umekosa nusu ya jambo. Mwenye hofu hukaza mabega. Bega likikaza, msuli mkubwa wa kifua nao hukaza. Na msuli uliokaza hauruhusu titi livutwe mbele. Sehemu ya nyuma ya titi ikikosekana pichani, picha itarudiwa, na picha iliyorudiwa ni dozi ya pili kwa titi lile lile. Ile shikamoo ina hesabu yake katika miligrei, kipimo cha dozi.

Kisha anahangaika na miguu, jambo ambalo humshangaza kila anayeona kwa mara ya kwanza. Vidole vielekee mashine, makalio yarudi nyuma kidogo, kifua kije mbele. Analinyanyua titi kabla ya kupanga urefu wa meza ya picha, kwa sababu sehemu ya chini ya titi huchezacheza na ya juu imeshikamana na kifua. Asiyelinyanyua atalivuta bure. Analivuta kwa mikono miwili, analilaza mezani, kiganja kimoja kinabaki juu yake. Anakanyaga kanyagio, bamba linashuka. Sekunde hizo chache ndizo roho ya kazi. Kiganja kinateleza taratibu kuelekea kwenye chuchu, kikiliachia bamba nafasi bila kuliachia titi lirudi lilikotoka. Ukikitoa mapema, tishu iliyo karibu na mbavu inaponyoka. Ukichelewa, bamba linakubana vidole wewe mwenyewe, na kila fundi wa kazi hii amewahi kubanwa. Mwisho kidole kimoja kinagusa ukingo wa titi: ngozi iwe imetanuka, isibonyee.

Hiyo ni picha ya juu kwenda chini. Ya pili hupigwa kwa mshazari, na hiyo ndiyo inayopambanua fundi na mwanagenzi. Mashine huinamishwa ifuate mwelekeo wa msuli wa kifua wa mwanamke huyo, si wa mwingine: mrefu mwembamba huinamishiwa zaidi, mfupi mnene kidogo. Kona ya meza huingizwa nyuma ya kwapa. Mkono hulazwa juu ya mpini bila kuukamata kwa nguvu. Mikunjo ya ngozi kwapani hulainishwa kwa kidole, tumbo lisukumwe lisiingie, na ule mfereji ulio chini ya titi ubaki wazi. Picha ikishatoka, kuna namna ya kuikagua ambayo haina upendeleo. Katika picha ya mshazari, msuli wa kifua unapaswa kushuka hadi usawa wa chuchu. Pima mstari kutoka chuchu hadi kwenye msuli huo, kisha upime mwenzake kwenye picha ya juu kwenda chini. Tofauti ikizidi sentimeta moja, kuna tishu iliyoachwa nje.

Nguvu ya kubana nayo imeandikiwa kanuni. Marekani mashine hutakiwa iweze kubana kwa nyutoni 111 hadi 200. Lakini watafiti wa Amsterdam waliuliza swali la busara: nguvu ile ile ikilikalia titi dogo, shinikizo lake si kubwa kuliko kwenye titi kubwa? Ni kubwa, na ndiyo maana wenye matiti madogo huumia zaidi bila faida ya ziada. Wakapendekeza kipimwe shinikizo badala ya nguvu, lizunguke kilopaskali 10. Mikono mizoefu ilikuwa ikikisia hivyo zamani, kwa kile kidole cha ukingoni.

Upande wa mashine kuna ufundi mwingine unaonifurahisha kila ninapousoma. Katikati ya miaka ya 1960, Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, alisimamia kuundwa kwa mashine ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya titi peke yake, Senographe. Eksirei za kawaida hutoka kwenye shabaha ya tangsteni ndani ya bomba. Kwenye mashine hii iliwekwa molibdeni, metali ambayo hutoa mionzi yake mingi katika nishati mbili, kiloelektronivolti 17.5 na 19.6, palepale panapolifaa titi la wastani. Halafu mbele ya bomba hukaa chujio la molibdeni hiyo hiyo, jembamba kiasi cha milimita 0.03. Chujio hilo hufanya mambo mawili. Mionzi iliyo dhaifu mno, ambayo ingefia kwenye ngozi na nyama za mwanzo bila kuchangia chochote pichani, hunaswa. Na mionzi iliyo juu ya kiloelektronivolti 20, ambayo ingefifisha tofauti za tishu, hunaswa pia, kwa sababu hapo ndipo molibdeni inapoanza kunyonya kwa ukali. Mionzi yake yenyewe inaipitisha. Titi likiwa nene, chujio hubadilishwa likawekwa la rodi. Mashine nyingi za kidijitali zimerudi kwenye tangsteni, zikitumia machujio ya rodi au fedha, kwa kuwa kompyuta inaweza kurekebisha weupe na weusi wa picha baadaye na dozi ikashuka.

Hata mwelekeo wa bomba umefikiriwa. Mionzi haitoki sawasawa; upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Badala ya kupigana na kasoro hiyo, waundaji waliuelekeza upande wenye nguvu kifuani, ambako titi ni nene, na upande hafifu kwenye chuchu. Huo ni werevu usiogharimu senti.

Umakini huu wote ulilipiwa na wanawake. Kabla ya dawa za kifua kikuu kuenea, wagonjwa walitibiwa kwa kuingiziwa hewa kifuani ili pafu lisinyae na kupumzika, na kila mara waliangaliwa kwa eksirei inayowaka mfululizo. Wengine waliangaliwa hivyo mara nyingi sana. Mwaka 1965 Ian MacKenzie alichapisha taarifa ya wanawake wa Nova Scotia, Canada, waliotibiwa kwa njia hiyo: saratani ya matiti ilikuwa imewapata kupita kiasi cha kawaida. Walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki walithibitisha jambo hilo, na wakaongeza jingine: titi la msichana huathirika kuliko la mwanamke mtu mzima. Ndiyo sababu uchunguzi wa jumla hauelekezwi kwa mabinti.

Kwa hiyo Marekani ilipoanzisha mwaka 1973 mpango mkubwa wa kuchunguza wanawake, uliowafikia zaidi ya 280,000, haikuchukua muda swali gumu likaulizwa. John Bailar aliliuliza hadharani mwaka 1976: je, kwa wanawake walio chini ya miaka 50, hatuwezi kuwa tunapanda saratani tunapoitafuta? Alichukiwa na wengi. Mimi namhesabu miongoni mwa waliojenga ufundi huu, sawa na waliounda mashine, kwa sababu baada yake hakuna aliyethubutu kupiga picha bila kuuliza dozi. Filamu iliyobanwa na karatasi yake ya kung'aa ndani ya mfuko usio na hewa, iliyokuwa imetolewa na DuPont mwaka 1972, ikawa na soko. Sheria ya ubora wa mamografia ya Marekani ya mwaka 1992 ilizaa kikomo: miligrei 3 kwa picha moja ya titi la kiwango. Ulaya iliweka 2.5 kwa kipimo chake. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliolinganisha filamu na dijitali ulikuta wastani wa miligrei 2.37 kwa filamu na 1.86 kwa dijitali.

Namba hizo zinapatikanaje? Hakuna awezaye kutia kipimo ndani ya titi la mtu aliye hai. Zamani walipima ngozini, na hilo halikusaidia sana, maana saratani huanzia kwenye tezi. Tangu miaka ya 1970 ikakubalika kwamba kinachohesabiwa ni wastani wa dozi kwenye tezi. Mwanafizikia huipima mionzi inayofika usoni pa titi, kisha huzidisha kwa namba zilizokokotolewa mapema. Zinazotumika sana ni za Mwingereza David Dance, alizozitoa mwaka 1990. Alizipata kwa kuiachia kompyuta mamilioni ya fotoni za kuwaziwa, moja baada ya nyingine, na kila fotoni ilipofika mahali pa kuamua, inyonywe au ikengeuke au ipite, ilipigiwa kura. Uvumilivu huo unanistaajabisha. Na bado hesabu zilikuwa na kasoro: kwa miaka mingi titi la wastani lilidhaniwa kuwa nusu mafuta na nusu tezi, hadi Martin Yaffe wa Toronto na wenzake walipoonyesha mwaka 2009 kwamba tezi ni chini sana ya nusu.

Kwa picha nne za kawaida, mbili kila titi, mwanamke hupata takriban milisivati 0.4, kipimo kinachokadiria athari kwa mwili mzima. Dunia yenyewe, kwa mawe yake, hewa yake na mionzi ya angani, humpa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo mamografia ni kama miezi miwili ya kuishi tu. Namba hiyo ya 0.4 ina kisa, kwa sababu hutegemea uzito unaopewa kila kiungo kwenye hesabu. Kamisheni ya kimataifa ya kinga ya mionzi ililipa titi uzito wa 0.05 mwaka 1990. Mwaka 2007 ikaupandisha hadi 0.12. Mashine zilikuwa zile zile na matiti yale yale, ila hatari ya titi ilikuwa imepunjwa kwenye hesabu. Mwaka 2016 timu ya Diana Miglioretti ilikadiria kwa modeli kwamba wanawake 100,000 wakichunguzwa kila mwaka tangu miaka 40 hadi 74, mionzi ingesababisha saratani 125 na vifo 16, huku uchunguzi ukiepusha vifo 968. Vifo 16 si sifuri. Ndiyo maana picha moja isiyorudiwa ina thamani.

Hapa watu wengi hudhani ufundi ni kushusha dozi hadi chini kabisa. Sivyo. Picha iliyonyimwa mionzi hujaa chengachenga, na ndani ya chengachenga chembe za chokaa hupotea. Mwanamke huyo amepata mionzi na hakupata jibu. Kosa la upande wa pili lilikuwa rahisi kuligundua enzi za filamu, kwani filamu iliyozidishiwa ilitoka nyeusi. Dijitali haisemi. Dozi ikizidi, picha hutoka nzuri zaidi, kila mtu hufurahi, na mwaka unaofuata dozi imepanda tena kidogo. Tiba yake ni kazi ya kuchosha: bonge la plastiki linaloigiza titi, lenye nyuzi, vidonge na chembe bandia, hupigwa picha mara kwa mara na kuhesabiwa kinachoonekana, picha zilizorudiwa hukusanywa na kuulizwa kila moja ilirudiwa kwa nini. Hakuna mgonjwa anayeiona kazi hiyo.

Hata kinga inaweza kugeuka. Wapo wanaoomba kola ya risasi kulinda tezi ya shingo. Mionzi inayofika huko ni kidogo mno, na kola ikiingia ndani ya picha, picha inarudiwa.

Kwetu Afrika Mashariki mamografia bado ni ya wachache, na wengi wanaofika hospitali wamekwisha kuushika uvimbe kwa mkono wao. Kwa hao swali la mionzi lisiwacheleweshe hata siku moja. Picha inahitajika na faida yake iko wazi. Kwa anayekwenda akiwa mzima, ana haki ya kuuliza. Tanzania vifaa vya mionzi hukaguliwa na kupewa leseni na Tume ya Nguvu za Atomu. Kenya kuna mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Uliza kama mashine imekaguliwa na lini. Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Nawe umsaidie. Siku hiyo usipake poda wala dawa ya jasho kwapani, kwa sababu madini yaliyomo, hasa aluminiamu, hutokea pichani yakifanana na chembe za chokaa. Ukiwa umesuka nywele ndefu zifunge juu, maana msuko ukiangukia meza ya picha umekuletea dozi ya pili. Vua mkufu. Sema kama una mimba au unanyonyesha. Beba picha zako za zamani, hata za hospitali nyingine, ili daktari alinganishe badala ya kukuita tena. Na fundi akikuambia legeza bega, dada, lilegeze.